Upande wa Juu wa Kamba

Vijana wangu wa vipimo,

Siku mliyoniaga pale ofisini Kilosa mlinipa saa ya ukutani na kipaza sauti. Saa niliichukua. Kipaza sauti nilikirudisha baada ya kusema ahsanteni, na nikaona nyuso zenu zilivyonywea. Mlitaka niongee kuhusu lile jambo mnalonong'onezana siku zote, kwamba mzee wenu wa mnyororo anaandika hadithi za watu wa angani, na kwamba aliwahi kupima shamba la mjane kule Ulaya ili ijengwe lifti ya kwenda mwezini. Habari hiyo ni kweli nusu. Lifti haikuwa ya kwenda mwezini. Kaeni basi niwaeleze, maana nikiiacha mdomoni mwa dereva wetu atawaambia kwamba nilishapanda nikashuka.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na siku ya kwanza nilipelekwa kwenye mashamba ya mkonge kufufua mipaka iliyopotea majanini. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Chambo, mtu mfupi, mkali, asiyecheka mpaka ale. Enzi hizo hakukuwa na mashine ya kuongea na setilaiti. Tulikuwa na mnyororo wa chuma wa kupimia, fito zilizopakwa nyekundu na nyeupe, panga la kufyekea, na miguu. Mzee alishika upande mmoja wa mnyororo, mimi nikashika mwingine, nikavuta kwa nguvu zangu zote ili anione hodari.

“Unavuta punda?” akaniuliza. “Mnyororo ukiulegeza unadanganya. Ukiuvuta kupita kiasi unadanganya vilevile. Msikilize mwenzako wa upande wa pili. Mkono wake utakwambia.”

Alikuwa na sheria moja ambayo hamtaikuta katika vitabu vyenu. Mpaka haupimwi mpaka majirani wote wawili wawepo, na kila mmoja ashike upande wake wa mnyororo kwa mkono wake mwenyewe. Wengine walimwona anapoteza muda. Yeye alisema mtu aliyeushika mnyororo hawezi kuja kesho kusema hakuwepo, na zaidi ya hapo, watu wawili wakishavuta kitu kimoja kwa adabu asubuhi nzima, ugomvi unawaonea haya. Niliwahi kuona ndugu wawili waliokuja na mapanga wakiondoka wanagawana ugoro.

Siku hiyo hiyo ya kwanza nikamuuliza swali la kitoto. Nilimwambia, mzee, mnyororo tunaulaza chini siku zote. Je, tukitaka kupima kwenda juu, wima, mpaka huko mawinguni?

“Na upande wa juu atashika nani? Malaika?”

Wenzangu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila swali halikutoka kichwani. Limekaa humo mpaka leo nimestaafu.

Kuandika kulianza kwa sababu ya kungoja. Mnajua wenyewe kazi yetu: unangoja ukungu uondoke, unangoja gari, unamngoja mwenyekiti wa kijiji aliyekwenda msibani. Wenzangu walicheza bao. Mimi nikaandika habari za mpima ardhi aliyetumwa mwezini kugawa viwanja. Nilipomaliza nikamsomea Mzee Chambo. Akasikiliza yote, anatafuna muwa.

“Huyo mtu wako kapima mwezi mzima peke yake?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi kapima uongo. Mpe mwenzake.”

Nikampa mwenzake, na hadithi ikapata uhai papo hapo, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kubishana naye. Tangu hapo nimekutana na watu waliosomea uandishi, na wamenieleza mambo mengi mazuri. Hakuna aliyelizidi hilo.

Shule yangu ya pili ilikuwa Mikumi. Tulipokuwa na kazi upande ule tulilala nyumba za wageni za kando ya barabara kuu, na asubuhi nilikuwa nawasomea madereva wa malori wakati wanakunywa supu. Kwenu mnaotaka kuandika, nawashauri mwende huko. Msikilizaji wa Mikumi ana gari linalomngoja. Ukirefusha maneno anawasha injini, na ndiyo hukumu yako.

Hapo ndipo nilipoiona kamba. Lori moja la kwenda Zambia lilikuwa limeegeshwa, limebeba gurudumu kubwa la mbao lililozungushiwa waya mnene kama mkono wa mtoto. Dereva wake, Sanga, mtu wa Njombe, aliniambia ni waya wa lifti ya mgodini, unaoshusha watu chini ardhini mbali kuliko mlima ulivyo mrefu.

“Kwa nini wasiende chini zaidi?” nikauliza.

“Waya utakatika.”

“Kwa uzito wa watu?”

“Kwa uzito wake wenyewe, ndugu yangu. Ukiwa mrefu sana unajichosha.”

Haki ya Mungu, siku ile sikufanya kazi ya maana. Kama watu wanaweza kushushwa kwa waya, mbona wasipandishwe? Nikaanza kutafuta. Kwanza katika magazeti ya zamani, baadaye katika simu, mpaka mke wangu akaniuliza huyo ninayemtafuta humo ndani ni nani. Nikagundua kwamba wataalamu wa dunia wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Kamba inafungwa ardhini na kwenda juu, inapita kimo cha kama kilomita elfu thelathini na sita, pale ambapo setilaiti huzunguka sawasawa na dunia hata ukiitazama unaona imetulia. Kamba inaendelea mbele zaidi, na mwishoni panafungwa kitu kizito. Dunia inapozunguka, kile kizito kinataka kukimbia nje, kamba inakizuia, na kwa kuvutana huko kamba inasimama wima. Basi. Hakuna malaika. Shida ni moja tu: uzi imara kiasi hicho na mwepesi kiasi hicho, wa kufika huko bila kujichosha, bado hawajaupata.

Tena kamba hiyo inapenda ikweta, na ikweta haipiti kwetu. Niliumia kama mtu aliyekataliwa posa. Kisha nikasoma kwamba ukiifunga mbali kidogo na ikweta bado itasimama, ila itainama kiasi kuelekea huko. Ikiinama na iiname! Nimepima fensi za watu miaka yote hii, sijaona iliyonyooka.

Nikaandika hadithi ya lifti yangu. Nikawasomea pale Mikumi, na katika hadithi abiria alipanda asubuhi akafika juu kabla ya chakula cha mchana. Sanga akaweka bakuli chini.

“Kilomita elfu thelathini na sita? Kwa mwendo wa basi hiyo ni kama wiki mbili, usiku na mchana. Dereva analala wapi?”

“Na anakula kwa nani?” akadakia mama muuza supu.

Nikaenda nikaandika upya, na njiani, katikati ya nchi na anga, nikaweka vituo vyenye nyumba za kulala wageni, mafundi wa breki, na mwanamke anayekaanga mihogo huku dunia nzima inaonekana chini ya meza yake. Mikumi ya angani. Madereva walipiga makofi, na mama yule alinipa supu ya pili bila kuulizwa.

Lakini hadithi haikuisha. Pale juu kabisa nilikuwa nimemweka fundi mmoja wa kulinda kile kizito, na fundi huyo hakuwa na la kufanya. Kila nilipofika kwake kalamu ilikauka. Miaka ikapita. Mzee Chambo akafa, Mungu amrehemu. Mnyororo ukapelekwa stoo, mashine mpya zikaja nanyi mkaja nazo, na fundi wangu bado amekaa huko juu anatazama kucha zake.

Ndipo nikaenda Ulaya. Ulaya yetu, kijiji cha hapa hapa wilayani, ya baiskeli na siku za gulio, si ile ya ndege. Nilikuwa likizo. Nilitaka kuiona kamba yangu kwa macho, kwa vipimo vidogo, juu ya ardhi halisi, na nilimfahamu pale Bi. Mwajuma, mjane wa makamo ya mama yangu, ambaye niliwahi kumpimia shamba akaninywesha uji. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza shida yangu.

“Unataka boga?”

“Ndiyo, mama. Boga ndiyo dunia.”

“Chukua lile kubwa. Dunia ikiwa ndogo watu watasongamana.”

Tukaliweka boga mbele ya nyumba. Yeye akashika mwanzo wa kamba ya katani, mimi nikaenda nayo. Upana wa maboga matatu kasoro kidogo, hapo ndipo setilaiti inapotulia. Maboga manane, hapo mwisho wa lifti yangu. Uroho ukanishika nikasema kwa nini nisiupime na mwezi? Mwezi uko maboga thelathini. Nikaenda na kamba mpaka kwenye minyaa ya mpakani, nikachomeka kijiti, na juu yake nikachomeka chungwa. Ulikuwa mwezi mzuri sana. Bi. Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwachia kamba aiweke, nikapanda pikipiki nikarudi nyumbani nimeridhika.

Mbuzi wakala mwezi. Kikabaki kijiti.

Sasa fikirini kama watu wa kazi. Watu wa wilaya yetu wameona reli mpya ikipita, na wote wanajua maana ya kijiti mpakani. Na aliyekichomeka ni nani? Ni yule bwana wa vipimo wa Kilosa! Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kufikia gulio lililofuata, habari ilikuwa kwamba mradi unakuja. Wajanja wakaanza kupanda mipapai usiku ili wahesabiwe fidia. Mmoja akasimamisha nguzo za nyumba katikati ya mahindi. Haya yalikuwa ya kuchekesha. La Bi. Mwajuma halikuwa la kuchekesha.

Ng'ambo ya ile minyaa alikaa Nkwabi, Msukuma aliyehamia na familia yake na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Yeye na Bi. Mwajuma walikuwa na mapatano ya mdomo. Baada ya mavuno ng'ombe wa Nkwabi wanaingia shambani kwake kula mabua. Kabla ya mvua Nkwabi anakuja na plau na maksai kumlimia. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na hawakuwahi kukosana. Mnajua jinsi mambo ya wakulima na wafugaji yanavyoweza kuwa mabaya. Wale wawili walikuwa wameyapita.

Nkwabi alipokiona kijiti aliamini kwamba jirani yake amepimisha ardhi kwa siri ili yeye, mtu wa kuja, ahamishwe. Alifunga tu zizi, maksai wasitoke kumlimia jirani. Masika yalikuwa yananukia, wenzake wote wameshalima, na shamba la Bi. Mwajuma limelala na magugu yake. Mguu wake mbovu. Kwa jembe la mkono asingemaliza hata pembe moja. Asipopanda, hali. Na ng'ombe wa Nkwabi wakikosa mabua yale, wangepita mashamba ya watu wengine, na huko hakuna wa kuwachekea.

Habari ilinifikia kwa simu ya Bi. Mwajuma mwenyewe. Hakulalamika. Aliniuliza tu, “Bwana Vipimo, ile dunia yako umemaliza nayo? Maana huku imeharibika.”

Nikaenda siku hiyo hiyo. Nilianzia kwa Nkwabi. Nikajaribu kumlainisha kwa salamu ya kwao.

“Mwangaluka.”

“Nzuri,” akajibu kwa Kiswahili, na hakunipa kigoda.

Nikamweleza yote: lifti, kamba, boga, mwezi, mbuzi. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kujisikia mwongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Wewe ni mtu mzima,” akasema. “Una mvi. Umetoka Kilosa na pikipiki kuja kupima boga?”

“Ndiyo.”

“Bora ungesema mradi. Ningekuheshimu.”

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akatangaza hadharani kwamba hakuna mradi wowote. Watu wakatikisa vichwa kwa busara, kwamba serikali ikishakana ujue jambo liko karibu, na mipapai ikaongezeka. Nilikaa kwenye benchi la mwenyekiti nimeshika kichwa. Nilikuwa na hasira na mbuzi, na Nkwabi, na wanasayansi wote wa dunia. Ndipo nikamsikia Mzee Chambo kana kwamba yuko mgongoni: mpaka haupimwi mpaka majirani wote wawili wawepo. Mimi nilikuwa nimejiambia boga si vipimo. Ala! Nimefika mpakani kwa watu na kamba, nimechomeka kitu, na jirani mmoja hayupo. Kwa Mzee Chambo hivyo vilikuwa vipimo, iwe kiwanja au mwezi.

Nikarudi kwa Nkwabi. Safari hii sikueleza kitu. Nikamwambia, “Nilipima bila wewe. Naomba nipime tena, na wewe ushike upande wako.”

Akaniangalia. Akavaa viatu.

Kwa Bi. Mwajuma watu walikuwa wameshajaa. Boga likarudishwa mahali pake. Bi. Mwajuma alikaa kwenye mkeka, mguu wake ameunyoosha, ameshika mwanzo wa kamba. Nkwabi nikampa mwisho. Walikuwa hawajasalimiana tangu kijiti kile, na kamba ililala chini kati yao imelegea.

“Upande wangu mimi ndiyo wapi?” akauliza Nkwabi.

“Juu. Mbali sana. Kuzidi mawingu.”

“Nimeshika nini huko?”

“Hujashika kitu. Dunia inakuzungusha, wewe unataka kutoroka, kamba inakuzuia. Kama jiwe kwenye teo.”

Uso wake ukabadilika. Mtu aliyechunga ng'ombe utotoni humfundishi teo. Akaomba nafasi, watu wakarudi nyuma, akafunga jiwe kwenye kipande cha kamba na kulizungusha kichwani taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka kamba ikavuma na kunyooka kabisa. Watoto wakapiga kelele. Aliendelea kuitazama ile kamba kama mtu anayesoma kitu.

“Kwa hiyo hii,” akasema polepole, “wa chini akiachia, wa juu anapotea moja kwa moja.”

“Ndiyo.”

“Na wa juu akiacha kuvuta, wa chini anaangukiwa na kamba yote.”

“Ndiyo hivyo hivyo.”

Jiwe likapunguza mwendo, likashuka. Hapo Bi. Mwajuma akausafisha mkono wake kwenye kanga, akaushika tena upande wake wa kamba, na akavuta kidogo.

“Mimi sijaachia, Nkwabi,” akasema. “Tangu mwanzo niko hapa hapa. Nakungoja wewe mwanangu, utalima lini?”

Nkwabi aliinama, akaokota upande wake. Kamba ikanyanyuka kutoka chini. Nawaambia kweli, mimi niliyeshika mnyororo umri wangu wote, machozi yalinitoka mbele za watu na sikuyafuta.

“Shikamoo, mama,” akasema Nkwabi.

“Marahaba.”

“Maksai wamelishwa tangu jana. Nilikuwa naona aibu kuja.”

Alilima kesho yake, na keshokutwa, na mvua ikakuta mbegu ziko chini. Mipapai nayo ikaota. Sasa inazaa, na wenyewe wanauza gulioni wala hawataki kusikia habari za mradi.

Nilipofika nyumbani nilimrudia fundi wangu wa juu. Nikampa mtu wa chini, mwanamke mwenye shamba kando ya mguu wa lifti, anayempigia redio kila asubuhi kumuuliza kama bado anavuta, naye anamuuliza kama mvua imenyesha. Hadithi iliyonishinda miaka mingi iliandikika kabla sijamaliza likizo. Nilipowasomea Mikumi, Sanga alikuwa ameshawasha injini. Akaizima.

Mwezi uliopita, nikiwa mstaafu kamili asiye na pa kwenda, nilikwenda Ulaya kumsalimia Bi. Mwajuma. Nilimkuta shambani, udongo umeshalimwa, mweusi. Ile kamba yangu ya angani ameifanya kamba ya kunyooshea mistari ya mahindi. Tena ameitia mafundo ya kuonyesha kila shimo la mbegu. Mwisho wake mmoja ameushika yeye, mwingine umelala chini, hauna mtu.

Nikamwamkia. Aliitikia, hata hakunikaribisha uji.

“Afadhali umekuja,” akasema. “Nkwabi kaenda kunywesha ng'ombe. Shika upande ule.”

Nikavua viatu, nikaenda mpaka mwisho wa shamba, nikaokota kamba.

“Vuta, Bwana Vipimo!” akapaza sauti. “Si hivyo, utaniangusha! Haya. Hapo hapo. Usiachie.”